Kitabu hakiendi: tafuta kilipokwama kabla hujatoa pesa

Malalamiko ya waandishi wa Mombasa hayatofautiani sana, awe ni mtu wa Kisauni au wa Likoni, mshairi au mwalimu aliyeandika hadithi za watoto. Mchapishaji hajibu. Duka limekataa. Ukumbi ulijaa, na maboksi yakarudi nyumbani kama yalivyokwenda. Dawa inayotajwa nayo huwa moja: "Nahitaji matangazo." Basi mtu hulipia matangazo ya Facebook, akachapisha mabango na fulana, na kitabu kikabaki palepale kwa sababu kilikwama mahali ambapo tangazo halifiki.

Mwongozo huu umepangwa kwa dalili. Nenda kwenye ile inayokuhusu, kisha anza na sababu ya kwanza, kwani ndiyo inayojitokeza zaidi na ndiyo rahisi kukagua. Usirukie ya mwisho kwa kuwa inakufariji. Wapo wanaoamini kwamba Nairobi haiwataki waandishi wa Pwani. Huenda. Lakini hakikisha kwanza kama kiambatisho chako kilifunguka.

"Nimetuma mswada, miezi inapita, kimya"

Sababu inayoongoza ni kugonga mlango usiokuhusu. Wachapishaji wengi wakubwa wa Kenya wako Nairobi na wanaishi kwa vitabu vya shule. Tangu 2018, serikali ilipoanza kununua vitabu vya kiada moja kwa moja kutoka kwa wachapishaji na kuvipeleka shuleni, mtaala ndio unaowaweka macho usiku. Riwaya ya watu wazima ya kurasa 400 ikimfikia mhariri anayekimbizana na vitabu vya gredi, itangoja. Ukaguzi wake ni wa dakika kumi: fungua orodha ya vitabu vyao, uone kama wametoa kitabu cha aina yako miaka ya karibuni. Usipokiona hata kimoja, tafuta mchapishaji mwingine badala ya kuandika barua kali zaidi.

Ya pili ni barua yenyewe. Nyingi huanza hivi: "Mimi ni mwandishi chipukizi mwenye kipaji tangu utotoni. Kitabu changu kina mafunzo mengi kwa jamii nzima, wakubwa kwa wadogo." Mhariri amesoma mistari miwili na bado hajui kama ni riwaya, diwani au kitabu cha upishi. Linganisha na hii, ya riwaya niliyoibuni hapa kwa mfano tu:

"Naomba muifikirie riwaya yangu ya vijana wa miaka 13 hadi 17, yenye maneno 48,000. Saumu, wa miaka 15, anaachiwa duka la vipuri vya tuktuk Mwembe Tayari baba yake anapolazwa hospitali. Wiki haijaisha anagundua kwamba nusu ya mali dukani ni ya wizi, na aliyeileta ni mjomba anayewalipia karo. Nimeambatisha muhtasari wa ukurasa mmoja na sura tatu za mwanzo. Mswada wote uko tayari."

Hapo mhariri ameshajua aina, urefu, msomaji, mhusika na taabu yake, na kwamba kazi imekamilika. Neno "mafunzo" halimo, na hakuna aliyelikosa. Anayesoma habari za Saumu na mjomba wake anaona mwenyewe pana funzo. Muhtasari wa ukurasa mmoja, tofauti na barua, sharti useme hadithi inaishaje. Waandishi wengi huficha mwisho ili "kumtamanisha" mhariri. Mhariri hatamaniki kwa namna hiyo. Anataka kujua kama unaweza kumaliza ulichokianza.

Ya tatu ni ya kiufundi, na inachekesha mpaka ikukute: picha za daftari zilizopigwa kwa simu, sura ishirini katika mafaili ishirini, faili linaloitwa "mwisho mwisho kabisa 2", au mswada wote uliotumwa kwa WhatsApp kwa nambari ya mapokezi. Tuma faili moja, lenye jina lako na jina la kitabu, kurasa zikiwa na nambari na mistari ikiwa imeachana. Kama tovuti yao ina maagizo ya kutuma miswada, yafuate hata yanapokuudhi.

Ya nne ni haraka. Mpe mhariri miezi mitatu, isipokuwa wenyewe wametaja muda mwingine. Kisha tuma ukumbusho mmoja wa mistari mitatu, wenye adabu, usio na lawama. Nusu mwaka ikipita, wajulishe kwamba unaupeleka mswada kwingine, uupeleke.

Washairi wana tatizo lao. Diwani ni mzigo mzito kwa mchapishaji wa kibiashara, hata katika mji aliotoka malenga Muyaka. Kwa mshairi asiyejulikana, njia ya karibu ni kuonekana kwanza penye wasomaji wa mashairi: ukurasa wa ushairi wa Taifa Leo, vipindi vya mashairi redioni, na mashindano. Tuzo ya Kiswahili iliyoanzishwa 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, ambayo baadaye ilichukua jina la Safal, ilijulikana kwa kupokea hata miswada ambayo haijachapishwa, na hilo si la kawaida. Tuzo ya Jomo Kenyatta ni ya vitabu vilivyokwisha kutoka. Soma masharti ya mwaka husika kabla ya kutuma chochote.

Ya mwisho ni kwamba mswada haujaiva. Ningeiweka juu zaidi, ila huwezi kuijua kabla hujaziondoa zile nyingine. Kagua hivi: wape watu wawili wasiokuwa jamaa zako, uwaombe waweke alama pale walipochoka, basi. Usiwaulize kama kitabu ni kizuri, maana watu wa Pwani wana haya na watakwambia ni kizuri. Alama zao zikikutana ukurasa mmoja, umeona pa kukarabati. Kama una pesa kidogo ulizotenga kwa matangazo, mhariri wa kujitegemea ndiye anayestahili kuzila.

"Wamekubali, ila wanataka nitoe pesa"

Simama hapa. Usitie sahihi wala usitume hata senti.

Kwa kawaida kuna mambo mawili yaliyochanganywa. Mpiga chapa hulipwa na wewe: unampa faili, anakupa vitabu, haki zote zinabaki kwako. Hiyo ni biashara halali, na unachotakiwa kukagua ni ubora wa karatasi, gundi, na kama bei aliyokutajia ina kodi ya VAT ya asilimia 16 ndani au itakurukia baadaye. Mchapishaji naye ndiye anayegharamia uhariri, chapa na usambazaji, kisha anakulipa mrabaha, yaani asilimia yako ya mauzo. Anayejiita mchapishaji, akataka ulipe gharama, halafu akataka na haki zako, amechukua yaliyo mazuri ya pande zote mbili na kukuachia mabaya.

Kwenye mkataba tafuta kwanza neno linalofuata asilimia. Asilimia 10 ya nini? Chukua kitabu cha shilingi 600. Asilimia 10 ya bei ya jalada ni shilingi 60. Lakini kama duka limepewa punguzo la asilimia 35, mchapishaji anapokea 390, na asilimia 10 ya hayo ni shilingi 39. Zote mbili ni za kawaida, mradi ujue yako ni ipi. Kisha tazama ni haki zipi unazitoa (chapa pekee, au pia tafsiri, filamu na sauti?), kwa muda gani, na zinarudi kwako lini kitabu kikiacha kuchapishwa. Mkataba usiosema haki zinarudi lini upeleke kwa wakili kabla ya sahihi. Hata wakili wa mikataba ya kawaida, asiyejua vitabu, ataiona kasoro hiyo, na ada ya kumlipa kwa saa moja ni ndogo kuliko gharama ya kuuvunja mkataba huo baadaye.

"Nimechapisha mwenyewe, maduka hayakipokei"

Mwenye duka mara nyingi hakwambii sababu. Anakigeuza kitabu, anakitazama mgongo, anasema, "Mwalimu, acha nambari, nitakupigia." Hapigi. Alichokiona ni kimojawapo cha haya.

Hakina ISBN, yaani nambari ya kukitambulisha kitabu, wala msimbo pau. ISBN ina tarakimu 13 tangu 2007, na kwa Kenya hutolewa na Huduma ya Maktaba ya Kitaifa, KNLS. Zinazotolewa kwetu huwa na 9966 au 9914 baada ya 978. Iombe kabla ya kupiga chapa. Kuibandika kwa stika baadaye kunawezekana lakini kunakitangaza kitabu kuwa cha mtu asiyejua kazi. Na isikudanganye: ISBN ni ya kukitambulisha kitabu madukani na maktabani. Haikulindi na wizi.

Mgongo hauna jina. Kitabu chembamba kilichopigwa pini hakina mgongo kabisa, na kikisimamishwa rafuni kinatoweka. Ikiwa kurasa zako ni chache, muulize mpiga chapa ni kuanzia kurasa ngapi anaweza kukigundisha kikapata mgongo wa kuandikika.

Bei haimwachii muuza duka kitu. Hapa ndipo wanapoumia waliopanga bei kwa huruma. Tuseme kila nakala imekugharimu shilingi 220, ukaamua kuuza 300 "ili kila mtu amudu". Duka likichukua asilimia 35, yaani 105, unapokea 195. Kila nakala inayouzwa inakutia hasara ya shilingi 25, na kitabu kikipendwa ndipo unapozidi kufilisika. Piga hesabu ukianza na punguzo la duka, uongeze nauli na nakala za zawadi, ndipo uandike bei kwenye jalada.

Huna makaratasi. Tangu Januari 2024, gharama isiyo na ankara ya eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa mamlaka ya kodi, KRA, kwa kawaida haikubaliki mfanyabiashara anapohesabu kodi yake ya mapato. Duka linalofuata sheria halitaki kitabu cha mtu anayeandika risiti kwa mkono. Kwa PIN yako ya KRA unaweza kujiandikisha eTIMS bila ada. Hili limekuwa jambo kubwa kuliko wengi wanavyodhani, na hakuna tangazo linaloweza kulifidia.

Au umefika wakati mbaya. Januari wenye maduka wanahangaika na vitabu vya shule, sare na madaftari. Rudi Februari.

Wakikubali, watakubali kwa mali kauli: unaacha kitabu, unalipwa kikiuzwa. Si vibaya, lakini hakikisha ipo karatasi yenye sahihi inayosema nakala ngapi, bei gani, punguzo gani na siku gani mtahesabu. Acha nakala tano, si hamsini. Tano zikiisha utaitwa, au utapita mwenyewe. Hamsini zikipauka kwa jua la dirishani hutamdai mtu.

"Kiko dukani, hakiuziki"

Muulize kwanza aliye kaunta, kama mteja asiyejulikana: "Mna kitabu cha fulani?" Au mtume rafiki. Mara nyingi jibu ni "Hatuna," na kitabu kiko hatua tatu nyuma yake, kwenye rafu ya marudio ya mtihani wa KCSE. Kama tatizo ni hilo, limekwisha: ongea naye vizuri, mwachie nakala yake mwenyewe asome, mwonyeshe rafu unayoitaka. Muuzaji aliyekisoma kitabu anauza kuliko bango.

Kikiwa mahali pake, shuku jalada. Liweke kwenye simu likiwa dogo kama ukucha, mwonyeshe mtu asiyekijua kitabu, umuulize kinahusu nini. Akisema "dini?" na wewe umeandika riwaya ya upelelezi, ni jalada. Majahazi na machweo ya bahari yapo kwenye majalada mengi mno ya Pwani, na mnunuzi wa hapa, anayeiona bahari kila akivuka kivuko, hasimami kuyatazama. Maneno ya jalada la nyuma nayo yafuate mfano wa barua ya Saumu: nani, amepatwa na nini, halafu nyamaza. Wasifu wako mistari miwili. Orodha ya vyeti haimnunulii mtu kitabu.

"Uzinduzi ulijaa, vitabu vilibaki"

Hii ni dalili ya Mombasa hasa, maana tunajua kuandaa shughuli. Kuuza ndani ya shughuli ndiko kunakotushinda.

Angalia meza ilikuwa wapi. Ikiwa mbele kando ya jukwaa, mtu atalazimika kupita mbele ya watu wote ili anunue, na hatapita. Meza iwe mlangoni, ifanye kazi watu wanapoingia na wanapotoka, iwe na watu wawili, chenji, na nambari ya till ya M-Pesa iliyoandikwa kwa maandishi ya kusomeka kutoka mbali. Kisha angalia ratiba. Mgeni wa heshima amechelewa, wote wamemngoja, hotuba zimefuatana, na ulipofika wakati wa mwandishi kusoma, adhana imekaribia na watu wa Mtwapa wanawaza matatu. Mwandishi asome mapema, kurasa mbili zenye moto, akomee pale msikilizaji anapotaka zaidi. Hotuba zifuate kwa watakaobaki.

Tarehe nayo: mwisho wa mwezi au Jumamosi ya kwanza baada ya mishahara, si katikati ya mwezi, si Ijumaa mchana, si Ramadhani, si wiki ya karo.

Kisha kuna lile tusilopenda kulisema. Wengi waliokuja ni jamaa, majirani na wafanyakazi wenzako, na wamekuja na swali moja: "Yangu iko wapi?" Tenga nakala za zawadi mapema, ziwe na majina, na zikiisha useme zimekwisha, za kununua zipo. Anayekupenda atanunua huku akilalamika. Kuhusu mwanasiasa aliyesimama akaahidi kuchukua nakala mia moja, mshukuru, usichapishe hata moja kwa ahadi hiyo mpaka pesa iingie.

"WhatsApp wanasifu, hawanunui"

Soma tena ujumbe wako kama mgeni. Una bei? Una till? Unasema kitabu kinamfikiaje mtu wa Changamwe, na nauli ya boda ni juu ya nani? Jumbe nyingi zina picha ya jalada, dua na emoji za makofi, basi wanaosoma wanarudisha makofi. Ongeza mistari hiyo mitatu kabla ya kubadili kingine chochote. Kwa walio mbali, mabasi yanayotoka mjini huchukua vifurushi. Tafuta bei yake uitaje.

Kama yote yapo, punguza wingi. Ujumbe uleule kila asubuhi kwenye kikundi cha mazishi na harusi hugeuza sifa kuwa kero. Badala yake rekodi sauti yako ukisoma dakika mbili. Watu wetu hupenda kusikia, na sauti husambazwa pasipo kuombwa.

Redio ni vivyo hivyo. Ukialikwa Baraka FM, Radio Rahma au kwingineko, andika kwenye karatasi jina la kitabu na mahali kinapouzwa, uyataje mwanzo, katikati na mwisho. Wengi huhojiwa saa nzima kuhusu safari yao ya maisha, na msikilizaji anazima redio akiwa amempenda mtu ambaye hajui kitabu chake kinaitwaje.

"Shule zinakataa"

Mwalimu mkuu akiuliza kama kitabu kimeidhinishwa, anauliza kuhusu KICD, taasisi ya kitaifa ya mitaala. Vitabu vya shule hupimwa na taasisi hiyo baada ya tangazo la kuwaalika wachapishaji kuwasilisha, na hilo ndilo lango. Kwa aliyejichapishia, njia ni kuungana na mchapishaji anayewasilisha. Hilo halikuzuii kualikwa na chama cha Kiswahili kuja kusoma na kuzungumza, hasa karibu na tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani, shule zinapotafuta mtu wa kuja. Mzazi akikinunua kwa hiari yake ni jambo jingine. Lakini mtu akikwambia anaweza "kukupitishia" kitabu kwa bahasha, ondoka, na mazungumzo hayo usiyaendeleze kwa simu.

"Nimekiona kinauzwa, si mimi wala mchapishaji wangu"

Ikiwa ni faili la PDF linalozunguka, anza na wewe mwenyewe: ulimtumia nani kwa ajili ya "maoni", na lilikuwa faili kamili la kupigia chapa? Aghalabu lilitokea hapo. Siku nyingine tuma sura tatu, au nakala ya karatasi.

Ikiwa ni vitabu vya karatasi vilivyotandazwa barabarani, linganisha na chako: uzito wa karatasi, rangi ya jalada, herufi zilizofifia. Huenda ni halali, nakala za mali kauli zilizouzwa kwa hasara na duka lililofunga. Zikiwa bandia, jua kwamba hakimiliki yako ilianza ulipoandika na inadumu miaka 50 baada ya kufa kwako. Kuisajili kwa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO, ni hiari, ila cheti kinarahisisha kuthibitisha, basi jisajili kabla ya shida.

Usimwendee mchuuzi ukagombane naye. Anayeuza si aliyechapa, na ukimtisha shehena itahamishwa kabla ya magharibi. Nunua nakala moja, upate risiti au ujumbe wa M-Pesa, piga picha ya mahali, kisha peleka vyote KECOBO au kwa wakili. Kama una mchapishaji, mwandikie siku hiyohiyo, kwa sababu huenda kwa mkataba wenu yeye ndiye mwenye haki ya kushtaki.